Dadu Nyuma ya Katoni

Mchezo wenyewe niliupenda, sitadanganya. Niliyemchukia ni mwenye mchezo.

Alikuwa mtoto wa mtumishi wa serikali aliyerudi Zaire kutoka Ubelgiji na kupewa nyumba Makiso, mtaa wa wakubwa. Alikuja na sanduku: kitabu cha Kifaransa, dadu za pembe nyingi, na karatasi za kuandika wewe ni nani katika nchi ya majoka na wachawi. Kila Jumamosi, salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, ikiisha, mimi na rafiki yangu tulitoka mtaani kwetu Mangobo kwa miguu hadi barazani kwao. Rafiki huyo tulikaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Sasa njia nzima mdomoni mwake ni "yule wa Ubelgiji" hiki, "yule wa Ubelgiji" kile. Wivu ulinikaba, ee!

Nilipenda sheria ya kuzaliwa: unatupa dadu, na mtoto wa fundi viatu kama mimi anaweza kumzidi nguvu mtoto wa mkubwa. Lakini msimamizi, yule anayeongoza hadithi na kuwachezea majoka, kutupa dadu zake nyuma ya katoni, akaona peke yake? Huo ni wizi, nililalamika kila wiki. Halafu zamu ya kusimamia ikanifikia.

Siku hiyo mpiganaji wa yule wa Ubelgiji alikutana na joka. Nikatupa dadu. Dadu zikasema joka limemkosa. Nikainua macho, nikamwona rafiki yangu amemshika mwenzake bega, wote wawili wamebana pumzi.

"Amekufa," nikasema.

Rafiki yangu, ambaye mchezoni alikuwa kuhani, akafungua kitabu. "Bon. Sheria iko hapa. Kuhani anaweza kufufua mutu, lakini yeye mwenyewe anakufa. Nakubali."

"Wacha ujinga! Iko muchezo tu!" nikamwambia.

Rafiki yangu akachana karatasi yake, mwaka mzima wa Jumamosi zetu, katikati.

Kwetu mtu hazikwi bila matanga, hata mtu wa karatasi. Wakatandika mkeka barazani wakicheka kidogo, na mimi nikawahi kuketi mahali pa ndugu wa marehemu, panapopewa pole.

"Hapana," rafiki yangu akasema akimwonyesha yule wa Ubelgiji, wala hakuwa na hasira. "Ndugu iko huyu. Weye uko kati ya wageni."

Nikasimama. Nikampa yule wa Ubelgiji mkono, nikamwambia pole.