Mibono ya Anselmi

Anselmi alikuwa jirani yangu, na kwa ubishi sijaona mfano wake. Hata hivyo, siku moja nilimwonea huruma sana.

Zilikuwa enzi za soko huria. Ushirika ulishakufa, na kila aliyepanda milima yetu na pikapu alijiita mwekezaji. Mmoja wao, kijana aitwaye Severini, alitukusanya hapa chini ya Kinole akasema kampuni yake itanunua mbegu za mbono kaburi, izikamue, na mafuta yake yasafishwe mpaka yaweze kurushia ndege. Ndege za nchi yetu, alisema, zitaacha kuchafua hewa kama zinavyoichafua sasa. Wengine tulicheka. Mbono huo huo tunaoupanda mipakani na makaburini, ambao hata mbuzi hawaugusi? Anselmi hakucheka. Alipanda shamba zima.

Hapo ndipo alipojichongea. Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Shamba lile lilikuwa la ukoo wa Yuliana, mkewe, ambaye tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Mume ni mgeni tu. Atalima mahindi na maharage mpaka azeeke, wala hakuna atakayemuuliza. Lakini akipanda kitu cha kudumu, mchungwa au mkarafuu, ni kama ametangaza kwamba ardhi ni yake. Anselmi aliyajua hayo tangu utotoni. Alijidanganya tu kwamba mbono si mti.

"Haya ni mafuta," aliniambia. "Mafuta yana mizizi?"

"Anselmi, unatafuta balaa."

Akanifukuza barazani kwake.

Ukweli ni kwamba alikuwa amechoka. Tangu ujana wake jembe lake lilihangaikia ardhi ya wakwe. Mibono ile ilikuwa kitu chake cha kwanza duniani, na aliipalilia kwa mikono kama anayemwogesha mtoto. Ikakua, ikaanza kuzaa.

Asubuhi moja akaja Dominiko, kaka wa marehemu na mkubwa wa ukoo, pamoja na wapwa zake. Kila kijana alishika panga. Anselmi aliwatolea kigoda, Dominiko akakikataa.

"Shemeji, tumekuja kung'oa."

"Hamgusi hata jani."

"Basi funga virago. Ama itoke mibono, ama utoke wewe."

Anselmi aliingia shambani akasimama katikati ya mistari, mikono mitupu. Kijana mmoja akakata shina la kwanza, utomvu ukachuruzika. Anselmi akamrukia. Nilijitia kuwaamua nikapigwa kiwiko cha pua, na nilipoinua macho panga lilikuwa limeshainuliwa juu.

"Acheni!"

Alikuwa Winfrida, binti wa Anselmi na marehemu Yuliana, aliyekuwa amekuja kufuata ndizi za kuuza sokoni Morogoro. Alipita katikati yao akipumua kwa shida, akampigia goti Dominiko.

"Shikamoo, mjomba. Mibono ni yangu."

Panga likashuka taratibu. Winfrida ni wa ukoo wa mama yake, na pale ana haki ya kupanda chochote anachotaka.

"Yako? Nani aliipanda?"

"Baba alinipandia. Nilimtuma mimi."

Ulikuwa uongo mtupu, na hakuna asiyeujua, Dominiko akiwa wa kwanza. Lakini naye hakutaka kumwaga damu ya shemeji yake, na uongo ule ulimpa njia ya kutokea. Alitaka tu usemwe na aliyehusika.

"Shemeji, ni kweli?"

Anselmi aliitazama mibono yake. Akikataa, mibono itafyekwa na yeye atarudi kwenye ukoo wa mama yake uzeeni, bila hata mche. Akikubali, itabaki imesimama, lakini haitakuwa yake tena. Niliomba Mungu ubishi wake usiamke.

"Ni yake," alisema.

"Vizuri. Basi omba kwa mwenyewe, sisi tukisikia. Mgeni havuni bila ruhusa."

Anselmi akamgeukia binti aliyempeleka kubatizwa akiwa amembeba begani.

"Winfrida," alisema, kisha akaanza upya. "Winfrida, naomba kuchuma mbono wako."

Winfrida alijifunika uso kwa khanga. Ukoo mzima ulikuwa unasubiri, ikambidi ajibu.

"Chuma, baba."