Kahawa Aliyokataa Kuinywa Bwana Said

Leo mtu kaiacha kahawa yangu ipoe makusudi!

Mnaijua dasturi ya huku Maskati. Mgeni akiitua finjani bila ya kunywa, basi ana haja, na mwenyeji humwambia, "Kunywa, haja yako imekubaliwa." Kumkatalia ni aibu.

Mie kazi yangu kuandika hati za mikopo. Bwana Said kaja kukopa, na rehani ni nyumba. Mkopeshaji yupo, mashahidi wawili wapo. Nikamuuliza, nyumba ya nani?

"Ya dada yangu. Kesharidhia."

"Basi aje aseme mwenyewe."

Akaitua finjani chini. Imejaa!

Wote wananitazama mie, mtu wa Unguja, kama kwamba sikulelewa.

Nyie mngefanyaje?

Mie na yangu nikaitua chini.

"Sheikh Said, hata mie nna haja. Sinywi mpaka dada yako aingie mlango huu."

Jamani, uso wake! Shahidi mmoja ni jirani yao. Akainuka bila ya kutumwa, akenda kumwita.

Bi Zuwena akaja, akakaa, nikamsomea hati neno kwa neno.

"Nyumba yangu?" akasema. "Mbona ndo kwanza nnasikia?"

Said anatazama mkeka.

Bi Zuwena akaichukua finjani ya kaka yake, kahawa ishapoa, akainywa yote. Kisha akaiona yangu bado imejaa, akanigeukia mie.

"Haya, sheikh. Kunywa, haja yako imekubaliwa."