Albamu Iliyomtukana Baba

Bendi za muziki wa pank Dar es Salaam zilikuwa tatu na mpiga dramu alikuwa mmoja, mimi. Mpiga gitaa alikuwa kwenye mbili kati ya hizo. Mpiga besi alikuwa kwenye moja na nusu, maana ile nyingine alifika mazoezini siku ambazo timu yake haina mechi. Mwimbaji hatukuwa naye. Aliyeamka na hasira kuliko wenzake siku hiyo ndiye aliyeimba. Kwa hiyo tulipoamua kutoa albamu ya mkusanyiko ya kupinga wamachinga kuondolewa Kariakoo, bendi zote tatu zilikuja kwenye kikao kwa bajaji moja na zikaenea.

Kwa asiyejua, pank ni muziki wa mbio. Wimbo mmoja dakika mbili, gitaa linakwaruza, na anayeimba anapiga kelele kama mtu aliyekwapuliwa simu. Mama yangu alipousikia mara ya kwanza aliniuliza nimegombana na nani.

Tulirekodi Kariakoo, kwenye stoo ya mapazia. Mwenye stoo alikuwa bosi wangu, Mchaga wa duka la jumla, na kazi yangu ya siku sita za wiki ilikuwa kupima na kukata vitambaa dukani kwake. Jumapili yeye na familia yake wako kanisani mpaka mchana, na stoo inakaa bure. Alitupa ufunguo kwa masharti mawili: tusimtukane Mungu, na tusikanyage majora. Majora ya mapazia yalikuwa yamepangwa mpaka darini pande zote nne, na yalimeza kelele zetu vizuri sana. Mlinzi wa chini aliniambia baadaye alidhani tunahamisha mizigo.

Albamu tuliiita Pisha Njia. Ilikuwa na nyimbo kumi na moja. Jina alilitoa mpiga gitaa, kijana wa Upanga aliyekuwa akiishi kwa wazazi wake kwenye fleti yenye lifti, na aliyeuchukia ubepari kila siku kuanzia saa nne asubuhi, akishakunywa chai. Nasema hivyo kwa upendo. Aliamini kabisa kwamba albamu yetu ingeuzuia mji kuwafukuza wamachinga. Mimi nilitamani iwe hivyo, lakini kuamini nilishindwa, kwa sababu waliokuwa wanafukuza nilikuwa nakula nao chakula cha jioni.

Baba yangu alikuwa mgambo. Kila kulipokuwa na operesheni ya kusafisha barabara alipanda gari na wenzake, wakashuka Kariakoo, wakabeba biashara za watu. Mama yangu alikuwa machinga. Alitandaza turubai hatua chache kutoka duka nililofanyia kazi, akauza viatu vya watoto. Nyumbani kwetu, kwa maneno mengine, serikali na wananchi walikuwa wakilala kitanda kimoja.

Watu huuliza waliishije. Waliishi kwa kashata.

Asubuhi kabla ya kuripoti kazini, baba alipita kijiwe cha kahawa kilicho mwanzo wa mtaa wa mama. Alikunywa vikombe viwili akisimama, akaenda zake. Siku za kawaida alikunywa kahawa kavu, kwa sababu ana kisukari na daktari alishamkataza vitu vitamu kwa sauti ya juu. Lakini siku ambayo jana yake wameambiwa kuna operesheni, alinunua kashata moja, akaishika juu kidogo, akaitia mfukoni. Hakusema neno. Muuza kahawa naye hakusema neno, aligonga vikombe vyake tu. Baada ya hapo neno "kashata" lilisafiri mtaa mzima kutoka turubai moja hadi jingine, na gari la kikosi lilipofika mtaa ulikuwa mpana na mtupu, utadhani Upanga siku ya sikukuu.

Alifanya hivyo miaka. Mama akifua sare alikuta vipande vya karanga na sukari mfukoni, na sisimizi waliifahamu ile sare kuliko afande wake.

Nilimpenda baba kwa ajili hiyo, na nilimwonea fahari. Ilipofika zamu yangu ya kutunga, nikatunga wimbo unaoitwa "Mgambo wa Mtaa Wetu". Niliuimba mwenyewe, huku napiga dramu. Kibwagizo chake kilikuwa hivi: akinunua kashata, kunja turubai, hali yeye kashata, anakupa habari. Niliuona ndio wimbo wa maana kuliko zote kwenye albamu, kwa sababu nyingine kumi zilisema mfumo umeoza, na huu peke yake ulisema kuna mtu mmoja ndani ya mfumo hajaoza. Mpiga gitaa aliusikia, akasema, "Huu ni wa kweli." Tukachapa majalada, majina ya nyimbo kumi na moja nyuma kwa mpangilio. Jamaa wa kibanda cha kuingizia watu nyimbo kwenye flashi na simu akakubali kuanza kuigawa Jumamosi.

Alhamisi jioni nikampigia mama wimbo kwenye simu. Alikuwa chini kwenye mkeka, anatafuta viatu vilivyopotezana na wenzake. Kwa mara ya kwanza alisikiliza wimbo wangu mpaka mwisho.

"Umemtaja," alisema.

"Sijamtaja jina, mama."

"Mgambo anayenunua kashata asiile. Kariakoo nzima unadhani wako wangapi?"

Nikaiweka simu chini.

"Afande wao anatafuta mtu," aliendelea, akiwa ameshika ndala moja ya kushoto. "Kila wakifika hawakuti watu. Mwezi huu keshawaondoa wawili, na wote walikuwa hawajui lolote. Wewe sasa unamwimbia jibu, na maspika."

Ni ajabu kwamba sikuwa nimeliona hilo. Nilikuwa nimetumia wiki tatu kufikiria vina.

"Akifukuzwa na bima imekwenda," mama alisema. "Hizo sindano zake nitazitoa wapi, kwenye hivi viatu?"

Ijumaa mchana niliitisha kikao cha dharura juu ya majora, samahani, kando ya majora. Mpiga gitaa alikataa katakata. Alisema tukianza kujikatia mashairi wenyewe tutakuwa tumewafanyia watawala kazi yao. Alisema pank haiombi ruhusa. Nikamwambia baba yangu anachoma insulini mara mbili kwa siku. Akasema anasikitika sana kwa hilo, na alisikitika kweli, ila hili ni suala la msingi, basi tupige kura. Kila bendi ipige, na kila mwanabendi awe na kura katika bendi yake. Alikuwa mtu wa demokrasia. Mpiga besi hakuwepo, alikuwa Jangwani anaangalia timu yake ikifanya mazoezi. Mpiga gitaa akapiga kura mbili za kuuacha wimbo. Mimi nikapiga tatu za kuutoa.

Jamaa wa kibanda alikuwa bado hajapewa nakala, kwa hiyo tukaufuta kwenye simu yangu na kwenye kompyuta yake pale pale. Alinikabidhi kipanya nibonyeze mwenyewe.

Tatizo likabaki majalada. Yalikuwa yameshachapwa na "Mgambo wa Mtaa Wetu" ulikuwa namba saba, na jamaa wa kibanda alikuwa ameshawatangazia watu kwamba kuna wimbo wa mgambo ndani. Tukiuondoa watu wangeuliza ulikuwa unasema nini, na Kariakoo mtu akiuliza hujibiwa. Jioni nikamweleza mama.

"Basi mtukane," alisema, kama anayesema ongeza chumvi.

"Nani?"

"Baba yako. Mgambo anayetukanwa na machinga ndiye anayeaminiwa na afande wake. Kaa hapa, chukua kalamu."

Baba alikuwa ameenda kuswali isha. Tulikuwa na kama nusu saa. Mama alikuwa na miaka ishirini na sita ya ndoa, na sikuwahi kujua amevihifadhi vitu vyote hivyo.

"Andika tumbo," alisema. "Andika tumbo linafika sokoni, mwenyewe bado yuko Posta."

Nikaandika.

"Andika anatembea kama bata katoka kuoga. Andika anakoroma."

"Mama, kukoroma machinga watajuaje?"

"Kweli. Weka analala kazini. Andika hata kofia inamwonea haya." Hapo alianza kucheka, akajifuta macho kwa upindo wa khanga, akaniambia nisiandike lile la jino, halafu akaniambia niandike. Nilipomaliza ulikuwa wimbo mkali kuliko zote nilizowahi kutunga, na nusu yake haikuwa yangu. Asubuhi tuliurekodi kabla ya duka kufunguliwa. Mpiga gitaa, ambaye bado alikuwa amenuna, alikiri kwamba kwa upande wa hasira umeuzidi ule wa kwanza.

Baba tulimpigia wimbo mchana, kabla ya mtu mwingine kuusikia. Mama alimweleza sababu. Alisikiliza ameinamisha kichwa, mikono magotini, mpaka mwisho.

"Hilo la tumbo limezidi," alisema.

Tukamwambia tumbo halitoki, limeshikilia vina vya ubeti mzima. Akasema basi sawa, kama ni kazi ni kazi. Jumatatu niliona amekaza mkanda tundu moja zaidi.

Nyimbo kumi za Pisha Njia hazikusikilizwa na mtu yeyote ninayemfahamu. Ule wa saba ulisambaa kama moto wa makuti. Wauza chaja waliuweka kwenye vipaza sauti vyao, katikati ya tangazo la bei na tangazo la bei. Wapagazi waliuimba wakisukuma mikokoteni. Baba akipita, mtaa mzima uliinua kibwagizo, naye akawakunjia uso, na wao wakacheka, na asubuhi ya kashata wakakunja maturubai yao kama kawaida. Ilikuwa miezi miwili mizuri. Mpiga gitaa alisema tumewaunganisha wanyonge. Nilimwacha aseme.

Kisha afande akausikia. Baba alitusimulia mezani, bila haraka, akichambua mwiba wa samaki. Asubuhi kwenye gwaride afande aliwasimamisha wote mistari miwili, akaupiga wimbo kwenye simu yake mpaka mwisho, tumbo na jino na yote. Halafu akasema huyu hapa ndiye mgambo. Akasema ukiona wanakuimba hivi ujue umewabana, na kwamba wengine humo miaka kumi kazini hawajaimbiwa hata mstari mmoja. Akampandisha baba kuwa kiongozi wa kikosi.

Mama alipika pilau. Tulikula tukacheka sana, na baba alikula nyama nyingi kuliko anavyoruhusiwa, na hakuna aliyemkataza. Bima ilikuwa salama. Sijui kama pank imewahi kumpandisha cheo mgambo mwingine duniani. Nililala nikijiona nina akili.

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameuliza kiongozi wa kikosi anafanya kazi vipi. Kiongozi wa kikosi hufuatwa nyumbani na gari. Hukaa mbele, pembeni ya dereva, afande akiwa kiti cha nyuma yake. Haambiwi siku moja kabla, maana afande alikuwa ameshaifuta desturi hiyo kwa sababu ya habari kuvuja; anaambiwa humo humo garini, likiwa limeshawashwa, na simu anaikabidhi. Hapiti kijiweni kunywa kahawa.

Jumanne ya wiki ya pili ya cheo kipya cha baba nilikuwa mlangoni pa duka, nampimia mteja kitambaa cha kijani, nikasikia breki. Mtaa ulikuwa umejaa. Watu walikuwa wametandaza kwa raha zao, kwa sababu asubuhi ile muuza kahawa hakugonga kikombe. Baba alishuka wa kwanza. Alisimama sekunde moja akiuangalia ule mtaa, na nadhani katika miaka yote hakuwahi kuuona ukiwa umejaa vile akiwa kazini. Kisha afande akashuka nyuma yake, akakunja mikono.

Walianzia upande wa juu. Walikusanya nguo, vyombo, chaja. Kina mama walikuwa wanakimbia na mabeseni. Mtu mmoja akaanza kuuimba wimbo wangu kwa sauti kubwa, wengine wakaitikia, na safari hii hawakuwa wanacheka. Nilisimama na futi kamba mkononi. Nilitaka kwenda pale niwaambie wote ukweli, na ukweli wenyewe ndio ungemfukuzisha kazi, kwa hiyo sikwenda. Niliona aibu kiasi kwamba mteja aliniuliza kama naumwa.

Mama hakukimbia. Sijui kwa nini. Alisimama nyuma ya turubai lake, viatu vimepangwa jozi jozi, na mgambo wawili wakavibeba vyote wakavitia kwenye gunia. Utaratibu ni kwamba kiongozi ndiye anayeandika fomu. Baba akaja na ubao wake wa kuandikia. Walikuwa hatua tano kutoka nilipo, na afande hatua tatu kutoka kwao.

"Jina?"

Mama akataja jina lake. Baba akaandika.

"Unaishi wapi?"

Mama akataja mtaa wetu, akataja namba ya nyumba, akasema chumba cha mbele mkono wa kushoto. Baba akaandika yote, taratibu, kwa mwandiko wake ule wa shule.

"Namba ya simu?"

Mama akataja tarakimu nne za mwanzo, sauti ikamkatika. Baba hakuinua macho. Akaendelea kuandika mpaka zikatimia kumi.