Rafu ya Pili

Juzi nilikuwa nachagua leso dukani kwa Mhindi mmoja, akaingia padre mtawa, kanzu ya kahawia na kamba kiunoni. Mkononi ana kitabu kipya, katunga mwenyewe.

“Nimekuletea, bwana. Vita vilipoadimisha karatasi, nilikiandika kwenye zile ulizonipa, za kufungia majora ya nguo.”

Mwenye duka, Mwislamu, alifuta mikono kwanza, ndipo akakipokea kwa mikono miwili.

“Jina la Mungu limo?”

“Limo, tena tele.”

“Basi hakikai chini.” Akapanda kigoda, akakiweka rafu ya pili. “Ya juu ina msahafu, Padre. Utanisamehe.”

Padre aliishika ile kamba yake.

Safu hii ya gazeti kesho itafungiwa mbaazi sokoni, wala sinung’uniki. Nashukuru nakaa mji ambao kitabu cha jirani hakikosi rafu.