Jozi ya Nembo ya Swala

Hadi leo Batuli akisikia nyuki humkumbuka muuzaji wa viatu vya magurudumu pale Kisii, mwaka wa sabini na mbili. Hakuwa akitaja bei kabla hujasikiliza. Alizungusha gurudumu kwa kidole gumba, akalisogeza sikioni mwa Batuli. "Hii jozi ya nembo ya Nyota inakoroma. Hii ya Swala, je?" Ya Swala iliimba kama nyuki, ikaimba, mpaka mtoto akasahau kupumua. Kisha mzee akapiga goti, kama kawaida yake, akaminya ncha ya kiatu kwa mikono inayonuka grisi. Swala ilimpwaya vidole viwili.

"Funga hiyo hiyo," mama alisema. "Mtoto si atakua?"

"Atakua kesho, Mama Batuli. Leo ataanguka."

Mzee akabembelezwa, wapi! Batuli aliondoka na Nyota, machozi yakimlengalenga, akakoroma nazo kwenye saruji ya baraza mwaka mzima, hadi zikambana. Aliporudi, mzee hakupiga goti wala hakupima. Aliinama chini ya kaunta, akatoa furushi la gazeti lililogeuka manjano. Juu yake palikuwa pameandikwa kwa penseli: Batuli.