Puto la Mzee Ubwa

Zamani mtu wa Unguja akitaka kujua jambo alikwenda kukaa mbele ya anayelijua, akanyamaza, akasikiliza. Siku hizi humtia anayejua ndani ya simu, akamkata vipande vipande, akamcheka.

Ubwa Silima wa mtaa wa Ng'ambo alikuwa akivuta mipira ya mafuta uwanja wa ndege mpaka alipostaafu. Skuli aliiacha mapema. Alichokijua kuhusu injini za jeti alikipata mwenyewe, kwa kuwauliza mafundi na kusoma vitabu vikuukuu, kamusi pembeni, na baada ya sala ya alasiri alikuwa akikieleza barazani kwake. Watu walikuwa wakija. Walibishana mpaka mate yakawakauka, kisha wakanywa kahawa. Sasa baraza ile imeegemezwa pikipiki za vijana ambao hata salamu hawatoi.

Kwa hiyo Abrahman, mtoto wa dada yake, alipokuja na mkewe Nadhira kumwomba awaeleze ndege inasukumwa na nini, Ubwa alifurahi hata akaona haya.

"Shikamoo, mjomba. Tunataka watu wajifunze," alisema Nadhira, simu keshaisimamisha juu ya kigoda.

"Marahaba. Basi kaeni, na msinikate maneno."

Aliwaambia kwamba wengi hudhani moto wa injini unaisukuma hewa iliyo nyuma ya ndege, kama mtu wa ngalawa anavyosukuma chini kwa upondo. Sivyo. Akatoa puto, akalipuliza mpaka mashavu yakamvimba, akaliachia. Likaruka chumbani likitoa mlio, likagonga kabati, likaanguka.

"Huo ndio msukumo," alisema. "Hewa imetupwa nyuma, puto likaenda mbele. Halikuhitaji ukuta wa kuegemea."

Kisha akaingia kwenye injini yenyewe: inavyovuta hewa mbele, ikaikandamiza, ikaichoma pamoja na mafuta, ikaitoa nyuma kwa kasi kubwa kuliko ilivyoingia. Msukumo hutegemea hewa ni nyingi kiasi gani na imeongezewa kasi kiasi gani. Injini za zamani zilitupa hewa kidogo kwa kasi kubwa mno, zikala mafuta na kupiga ukelele wa kupasua masikio. Za sasa zina feni pana mbele, na hewa nyingi zaidi hupita kando bila kuingia motoni, ikitupwa kwa utaratibu. Ndiyo maana fundi haulizi tu injini ina msukumo wa nyutoni ngapi, kile kipimo cha nguvu. Huuliza pia inachoma mafuta kiasi gani kwa saa kwa kila nyutoni, na hewa ya kando ni mara ngapi ya ile ya motoni.

"Mashaallah, mjomba!" alisema Abrahman. Ubwa usiku ule alilala kama mtu aliyerudishiwa baraza yake.

Ijumaa alikwenda sokoni Darajani kununua samaki. Muuza changu alipomwona alitia kiganja mdomoni, akatoa sauti ya ushuzi. Meza nzima ikaangua kicheko.

"Una wazimu?" aliuliza Ubwa.

"Khaa, mzee, hujajiona?"

Akaonyeshwa simu. Mashavu yake yamevimba, puto linatoka, mlio wa puto umekuzwa mpaka ukawa wa mtu aliyeshindwa kujizuia, kisha uso wake mwenyewe, mzito kama wa kadhi: "Huo ndio msukumo." Halafu tena. Halafu tena. Hapana hewa, hapana feni, hapana injini. Ubwa akamrudishia simu yake. Kuchekwa alikuwa keshachekwa sana. Lakini hawa walipewa injini nzima mkononi, wakaitupa, wakabaki na ushuzi.

Samaki hakununua. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Abrahman na Nadhira.

"Ifuteni, au wekeni yote."

"Yote nani ataitazama, mjomba?" alisema Abrahman. "Watu wamekupenda."

"Wamependa ushuzi!"

"Si umetoka kwako?" alidakia Nadhira, akacheka mpaka akashika ukuta. "Usinune, mjomba. Tunakuja tena, mara hii utafanya kwa mdomo."

"Nshakwambieni, ifuteni."

Abrahman keshainamia simu. Hawakuifuta. Barazani hakuja mtu kuuliza kitu. Waliokuja walikuja kutoa ile sauti, wakakimbia.

Mara ya mwisho Ubwa kuwaona ilikuwa Darajani. Wamemzunguka Bi Mwamvua muuza viungo, mwanamke aliyeweza kuinusa karafuu akakwambia imeanikwa juani au imevundikwa. Kila akianza kueleza, Nadhira humpeperushia pilipili manga puani, na Abrahman hupiga picha ile chafya.

Ubwa akasogea. "Bi Mwamvua, hawa hawataki maneno yako. Wanataka chafya yako."

Bi Mwamvua alifuta machozi kwa ncha ya kanga, akamtazama kwa kuudhika.

"Hebu niache, Ubwa. Wewe nshakuona simuni. Na mie nionekane."

"Tena, bibi," alisema Nadhira. "Kwa nguvu."

Bi Mwamvua akainama, akaipeleka pua yake mwenyewe kwenye pilipili.