Kreta ya Ukubwa wa Harage

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa Eldoret, Mkuu wa Maabara aliniwekea mbele picha ya Kalisto, mmoja wa miezi ya Mshtarii, iliyopigwa na chombo cha angani.

"Wafula, jua liko wapi?"

Nikanyoosha kidole dirishani.

"La kwenye picha, bwana! Si la Eldoret."

Alicheka hadi akapangusa macho. Kisha akanifundisha. Kreta ni shimo lililochimbwa na jiwe la angani. Kivuli chake hukaa upande wa jua, ilhali kilima hutupa kivuli upande wa pili. Usipojua jua liko wapi, utaapa shimo ni mlima.

Tulifanya kazi wawili wawili. Kila mmoja alitia alama kreta alizoziona pichani kivyake, kimya, bila kuchungulia za mwenzake, ndipo tukalinganisha. Mwenzangu alikuwa Mama Achieng', mzaliwa wa kule ziwani, mwanamke wa maneno mengi. Kimya hicho kilimtesa kuliko kufunga.

Mkuu huyo alipostaafu, akaja mama mmoja mkali. Wakati huo alama za Mama Achieng' zilikuwa zimeanza kupungua.

"Mwenzako anaruka kreta," Mkuu mpya aliniambia. "Akiendelea hivi, nitatafuta mtu mwingine."

Nilirudi mezani nikamwonyesha mwenzangu picha. "Hii hapa, ya ukubwa wa harage, unaiona?"

"Gani? Mimi sioni kitu."

"Basi kesho tunaenda kwa daktari wa macho."

"Kwani unataka kazi yangu?" Kisha akashusha sauti. "Wafula, si unionyeshe tu ziko wapi, niweke alama? Nani atajua?"

Nilimhurumia sana. Ana watoto, na mimi ndiye niliyekula samaki wake kila Ijumaa. Lakini alama mbili zilizotoka kwenye jicho moja si kazi, ni udanganyifu. Nikamwambia mficha uchi hazai. Alininunia, ila asubuhi alikuja.

Ilikuwa mtoto wa jicho. Alipasuliwa, akapona, akarudi kwenye kiti chake. Picha ya kwanza aliikazia macho, machozi yakamtoka. "Woi! Kumbe huu mwezi una mashimo hivi!"

Sasa sote tumestaafu. Jumapili baada ya kanisa Mama Achieng' huja kwangu, mtaani Kimumu, na laptopu yake, maana picha hizo siku hizi ziko wazi kwa kila mtu. Tunatia alama kwa zamu, kimya kama zamani, halafu tunabishana hadi chai ipoe.

Jumapili iliyopita alilinganisha alama zetu, akanigeuzia skrini.

"Mzee, na hii, ya ukubwa wa harage?"

"Iko wapi?"

Alifunga laptopu polepole. "Kesho tunaenda kwa daktari wa macho."

Niliogopa, sikatai. Nikafungua mdomo nimwombe anionyeshe tu ilipo, nikaufunga. Nikamuuliza tutaondoka saa ngapi.